Miezi Minane Hooyo Akiwa Dagahaley

Kabla sijafumbua macho asubuhi, nilijua kwa harufu tu kama Hooyo bado yumo chumbani au ameshatoka. Hooyo ndilo neno letu la mama kwa Kisomali, na Hooyo wangu alinuka moshi. Haukuwa moshi wa jikoni. Ulikuwa moshi mtamu wa vijiti vya porini ambavyo wanawake wa maziwa walivichoma mpaka vikawa makaa mekundu, wakavitumbukiza ndani ya mtungi mtupu, wakafunga kifuniko na kuutikisa mtungi mara tatu au nne. Moshi ule ulikaa kwenye maziwa ya ngamia na kuyatunza yasiharibike upesi katika jua la Garissa, tena uliyapa ladha ambayo mteja akiikosa husema ameuziwa maji. Ulikaa pia kwenye shungi la Hooyo, kwenye nywele zake na kwenye viganja vyake, hata mto tuliolalia ulinuka hivyo. Banda lenyewe lilikuwa nyuma ya soko, paa la mabati na kuta za magunia yaliyoshonwa pamoja. Wanawake saba walifanya kazi humo chini ya Mama Kheyra, mwenye banda. Kila asubuhi pikapu ilifika kutoka Bura na mitungi ya maziwa iliyofungwa kamba, na juu ya paa la jirani walisimama wale korongo wakubwa wenye vipara, wakingoja chochote kitakachomwagika.

Tuliishi wawili tu, Hooyo na mimi, katika chumba kimoja chenye ua wa miti mikavu. Baba yangu, Aabo, alichunga ng'ombe wa watu upande wa Ijara, na alikuja nyumbani kila baada ya miezi miwili au mitatu, akakaa siku chache na kurudi. Kwa hiyo nilizoea kuwa mwenzi wa Hooyo, si mtoto wake tu. Jioni alinisimulia habari za banda kama anavyosimuliwa mtu mzima: nani amegombana na mumewe, maziwa ya nani yametiwa maji njiani. Alikuwa na pua ya ajabu. Alifungua mtungi, akainama, akanusa mara moja na kusema maziwa haya yamekamuliwa jana alasiri, au haya ni ya ngamia aliyezaa karibuni, na hakukosea. Mama Kheyra alisema pua ya Habiba, ndilo jina la Hooyo, ina thamani kuliko banda lote. Hooyo aliposikia sifa hizo alijifunika mdomo kwa ncha ya shungi na kucheka, na mimi niliona fahari, nikadhani dunia nzima inamjua mama yangu ni nani.

Dunia haikumjua, kwa maana Hooyo hakuwa na kipande, kile kitambulisho ambacho kwetu mtu hukitembeza kama anavyotembeza roho yake. Nilijua habari hiyo tangu utotoni, kama mtoto wa nyumba nyingine anavyojua kwamba mama yake ana pumu. Alizaliwa Bura, na baba yake kazikwa Bura. Lakini alipokuwa na miaka sita ukame uliua mifugo yao yote, na bibi yangu, mjane mwenye watoto wawili, aliwashika mkono wakaenda kwa miguu na kwa malori mpaka Dagahaley, kwenye kambi ya wakimbizi, kwa sababu huko chakula kiligawiwa. Ili kupata chakula ilibidi uandikwe, na ili uandikwe ilibidi useme umetoka ng'ambo ya mpaka. Bibi alisema. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na sidhani yupo mwenye shibe anayeweza kumhukumu. Walikaa kambini miaka michache, kaka yake Hooyo akafia huko kwa homa, kisha mvua zikarejea nao wakarudi Bura. Huko bibi aliolewa tena, akamzaa Fardosa. Fardosa alipofika umri wa utu uzima aliomba kipande na akakipata. Hooyo alipokwenda kuomba, mtambo ulizikuta alama za vidole vyake kwenye orodha ya kambi na kusema huyu ni mkimbizi. Ndugu wawili wa tumbo moja, mmoja raia na mwingine mgeni, tofauti yao ikiwa njaa ya mwaka mmoja.

Nilikuwa na miaka tisa msimu ninaousimulia. Ilikuwa mwisho wa jilaal, kiangazi chetu kirefu, na mvua za gu, yaani masika, zilikuwa zimechelewa. Shule zilikuwa zimefungwa. Vumbi lilikuwa jembamba kama unga, na maji tulinunua kwa mwenye mkokoteni wa punda. Wiki ile yote maneno yalikuwa yakipita sokoni kwamba polisi wanaingia mahali pa kazi wakiuliza vipande: kwenye majengo yanayojengwa, kwenye hoteli, kwenye karakana. Hooyo alikaa nyumbani siku mbili. Siku ya tatu aliamka, akajifunga shungi, akasema, "Maziwa hayangoji mtu. Yakiharibika, nani atamlipa mchungaji?" Nikamfuata kwa sababu nyumbani nilikuwa nachoka na ukimya.

Pikapu ya Bura ilikuwa imefika mapema. Hooyo alikuwa ameinamia mtungi, na mimi nilichuchumaa nikisugua vifuniko kwa majivu. Kwanza korongo waliruka wote kwa pamoja kutoka paa la jirani. Kisha magari mawili yakasimama, moja kila upande wa banda, na askari wakaingia wakisema kila mtu abaki alipo na atoe kipande. Wanawake wakaanza kuingiza mikono kifuani, mahali wanapofunga vitu vya thamani. Katika mkanganyiko ule Hooyo alinisogelea kana kwamba anachukua kifuniko mkononi mwangu, akanena kwa sauti ya chini, kwa Kisomali, bila kunitazama.

"Deka, nenda ukasimame na Mama Mwende. Ukiulizwa, hunijui. Usiniite hooyo. Na usilie."

Mama Mwende alikuwa Mkamba aliyeuza nyanya na vitunguu mlangoni pa banda tangu kabla sijazaliwa. Nilikwenda kwake. Hakuniuliza neno, alinipa tu mfuko nikaushika, akaanza kunichagulia nyanya moja moja. Kutoka pale niliona askari kijana, shati limemlowa jasho mgongoni, akimfikia Hooyo. Hakuwa mkali, na mpaka leo hilo ndilo linaloniuma, kwamba hakuna hata mtu wa kumchukia.

"Kipande, mama."

"Kibande sina, afande," Hooyo akasema kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Lakini mimi ni mtu ya Bura. Kaburi ya baba yangu iko Bura. Uliza mtu yeyote hapa."

"Kaburi si kitambulisho, mama. Simama upande ule."

Walikuwa wanne waliosimama upande ule. Mama Kheyra alikuwa akiwasihi, akitaja majina ya wazee, akiapa, lakini hakuna aliyemsikiliza. Yule askari alipogeuka macho yake yaliniangukia. Nimefanana na Hooyo sana, kipaji cha uso na kidevu, hata leo watu hunisimamisha njiani. Akaja mpaka kwenye meza ya nyanya.

"Huyu mtoto ni wa nani?"

"Ametumwa nyanya," Mama Mwende akajibu, akiendelea kuchagua.

Askari akainama mpaka uso wake ukawa sawa na wangu. "Yule mama pale ni mamako?"

Nilimtazama Hooyo. Alikuwa akitazama chini, kwenye mtungi uliobaki wazi. Nikasema, "Hapana. Simjui." Nilisema vizuri, kwa Kiswahili safi cha darasani, kile ambacho Hooyo alikuwa akiniomba nikiseme mbele ya majirani ili ajisifu. Askari akanyoosha mgongo, akaondoka. Wale wanne wakapandishwa gari. Hooyo alikuwa wa mwisho, na alipopanda hakugeuka. Mama Mwende alinishika mkono wangu wenye mfuko, akaubana mpaka nyanya zikapasuka, na tulisimama hivyo mpaka vumbi la magari lilipotua. Siku ile hakuuza tena. Aliifunika meza kwa gunia, akanipeleka kwa miguu hadi nyumbani kwa Fardosa, ambaye kwetu namwita Habaryar, yaani mama mdogo.

Siku mbili Habaryar alipeleka chai na anjera kituoni, na siku mbili alikataa kunichukua. "Ukionekana watakuunganisha naye," alisema. Siku ya tatu alirudi na chupa ya chai ikiwa imejaa kama alivyokwenda nayo. Walikuwa wameshapakiwa kwenye basi la kwenda Dagahaley. Waliambiwa huko ndiko kwao, kwa kuwa ndiko kulikoandikwa.

Habari zilimfikia Aabo baada ya siku nane, maana kule alikokuwa simu ilishika mtandao juu ya kichuguu kimoja tu. Alikuja na vumbi la Ijara mpaka kwenye kope. Alizunguka ofisi akiwa na kipande chake mkononi, kana kwamba kingeweza kugawanywa kikatosha watu wawili, na kila ofisi ikamwelekeza kwa nyingine. Alitaka kunichukua niende naye machungani. Hooyo akatuma neno kupitia simu ya mtu: Deka abaki shuleni. Basi Aabo akakaa wiki moja, akanikuna kichwa kwa mkono wake mgumu, akarudi kwa ng'ombe ambao hawakuwa wake na hawakuweza kungoja. Nilimsindikiza mpaka barabarani. Sikulia, kwa sababu nilikuwa nimeambiwa nisilie na hakuna aliyekuja kuniambia agizo lile limekwisha.

Habaryar Fardosa alikuwa mwema. Nasema hivyo kwanza ili nisije nikamdhulumu. Lakini kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kamba yangu niliifunga mwenyewe. Nyumba ile ilikuwa na watoto watano wenye mizaha yao ya tangu zamani, wenye mahali pao pa kulala na vikombe vyao. Nilijifunza kuosha sahani yangu kabla haijakauka. Nilijifunza kusema nimeshiba wakati sinia bado lina wali. Nililala kando ya ukuta, na asubuhi niliamka kabla ya wote nikakunja mkeka wangu, kusiwe na alama ya kuonyesha kwamba kuna mtu wa sita. Mume wa Habaryar alikuwa akirudi kutoka kazini anawaita wanawe kwa majina, wote watano, kisha ananyamaza kidogo na kuongeza, "Na Deka." Alikuwa akifanya ihsani, na mimi nilikuwa nikiungoja ule unyamavu mdogo kila siku kama mtu anayengoja kuchomwa sindano.

Shule zilipofunguliwa ilijulikana. Mtoto mmoja alisema mama yake Deka ni mkimbizi, mwingine akauliza kama basi hata Deka ni mkimbizi, na mwalimu akawanyamazisha bila kusema ndiyo wala la. Mchana, badala ya kurudi moja kwa moja, nilipitia banda la maziwa. Mama Kheyra alikuwa amebaki na wanawake wawili. Mmoja mwenye kipande halali kabisa alikuwa ameogopa, akaacha kuja. Waliobaki walisahau kuchoma vijiti au walivichoma haraka, na maziwa yakawa yanarudishwa na wateja. Wachungaji wa Bura walisikia, wakaanza kupeleka mitungi yao kwingine. Watoto wa mmoja wa wale wanne walichukuliwa na bibi yao mpaka Wajir, na sijawaona tena. Hata Mama Mwende biashara ilimwishia, kwa kuwa wanunuzi wake walikuwa wanawake wa banda na wateja wao, na siku moja nilikuta meza imehamishiwa upande wa pili wa soko. Nilipokuwa mtoto nilidhani waliochukuliwa ni watu wanne. Sikujua kwamba mtu mmoja akichomolewa hufunguka uzi mrefu.

Hooyo alipiga simu kila Ijumaa kwa simu ya Habaryar. Tulizungumza huku nyumba nzima imezunguka, binamu zangu wakinivuta mkono wapewe zamu. Aliuliza kama nimekula, nikasema ndiyo. Aliuliza kama nasoma, nikasema ndiyo. Kitu ambacho hakuna aliyekigundua, labda isipokuwa yeye, ni kwamba sikumwita. Kila nilipotaka kusema neno hooyo lilikwama, kana kwamba bado yuko mtu ameinama mbele yangu anasubiri jibu. Nilizungukazunguka, nikaanza sentensi katikati. Nilikuwa na hakika, kwa namna ya watoto wa miaka tisa, kwamba ni mimi niliyemkabidhi. Ningesema ndiyo, labda askari angemwonea huruma. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na yangu nilikaa nayo peke yangu, sikumwambia Habaryar, sikumwambia Aabo.

Mwezi wa tano tangu Hooyo achukuliwe, Aabo alipata ruhusa, akanichukua tukaenda Dagahaley. Ninakumbuka basi likisimamishwa mara nyingi, na Aabo akikitoa kipande chake kabla hajaombwa. Ninakumbuka kambi ilivyokuwa ya kawaida, jambo lililonishangaza: maduka, zahanati, wanawake wamebeba unga wa mgao kichwani, watoto wakicheza mpira wa matambara. Hooyo alikuwa akikaa kwa jirani wa zamani wa bibi yangu, mwanamke ambaye hakuwahi kuondoka tangu ukame ule. Tulimkuta ameketi mlangoni akimsuka binti mdogo wa nyumba ile. Mtoto yule alikuwa ameegemea magoti yake, amefumba macho kwa raha. Hooyo aliinuka, akamkumbatia Aabo kwa macho, kama ilivyo adabu yetu mbele za watu, kisha akanifungulia mikono. Nilimpa mkono wa kulia, nikamwamkia kama ninavyomwamkia mgeni.

Alasiri tulibaki wawili. Alininyooshea kitana, nikakaa mbele yake, akaanza kunisuka. Labda kwa kuwa sikuweza kumwona uso, ndipo nikasema.

"Nilimwambia sikujui."

Mikono yake haikusimama. "Nilikuambia useme hivyo."

"Lakini nilisema vizuri sana."

Hapo ilisimama. Nikasikia pumzi yake juu ya kichwa changu. "Deka," akasema, "ungesema ndiyo wangekuchukua, na leo tungekuwa wawili hapa, na wewe ungeandikwa kama nilivyoandikwa mimi. Bibi yako alisema uongo nile. Wewe ulisema uongo usiandikwe. Sasa nyamaza nikusuke, umekuwa kama mtoto asiye na wenyewe." Kisha akalia yeye, machozi yakaingia katika mistari ya nywele zangu. Nilikaa wima bila kutikisika. Maneno yake niliyaelewa yote, hata nikayakubali. Lakini kuelewa ni kazi ya kichwa, na kitu kilichokuwa kimefungwa ndani yangu hakikuwa kichwani.

Alirudi baada ya miezi minane. Wazee wawili wa Bura waliomjua baba yake walisafiri mpaka ofisini, wakatoa ushahidi, na akapewa barua ya kumruhusu kukaa Garissa huku jambo lake likiangaliwa. Aliihifadhi katika mfuko wa plastiki, akaivaa kifuani usiku na mchana. Mvua za mwisho wa mwaka zilikuwa zimenyesha na mji ulikuwa na majani mabichi na mbu. Kila mtu alitarajia nimkimbilie. Nilimbebea mzigo. Nilimwekea maji ya kuoga, nikamtandikia kitanda, nikampa chakula na kukaa mbali kidogo, tayari kuondoa sahani. Hooyo alinitazama nikifanya yote hayo, akasema, "Habaryar amekufunza adabu." Habaryar hakunifunza. Nilikuwa nimejifunza kuwa mgeni, na ufundi ule haukuacha mikono yangu.

Sasa mimi ni mwalimu katika shule ya msingi hapa hapa Garissa, na miaka imepita mingi. Jina la Hooyo liliondolewa kwenye orodha ya wakimbizi baada ya safari zisizohesabika, na kipande alikipata nikiwa nimeshamaliza sekondari. Siku aliyokipokea alikitazama mbele na nyuma, akaniuliza picha ile inafanana naye kweli. Banda halipo tena. Mama Kheyra alirudi kwao Mandera, na mahali pale pamejengwa vibanda vya vifaa vya simu. Maziwa siku hizi huja kwa mitungi ya chuma na kuuzwa kutoka kwenye majokofu, na vijana huyanunua bila kuyanusa. Lakini magari bado huja. Mwezi uliopita yalisimama kwenye jengo linalojengwa jirani na shule yetu, na kesho yake madawati mawili darasani kwangu yalikuwa matupu. Nilifunga kitabu cha mahudhurio, nikaenda kuwatafuta watoto wale nyumba kwa nyumba. Mmoja nilimpata kwa shangazi yake, anaosha vyombo ambavyo hakutumwa kuviosha. Nilimjua mara moja.

Baada ya Hooyo kurudi nilipata mdogo wangu, Abdi, ambaye sasa yuko kidato cha pili. Humlalia Hooyo mapajani na miguu yake mirefu ikiwa nje ya mkeka, humwagiza maji, humkasirikia, hugombana naye kuhusu simu na dakika ile ile humwomba chapati. Humwita kutoka nje ya lango, "Hooyo!", mpaka mtaa mzima ukasikia. Mimi ninayelipa kodi ya nyumba ile, ninayelala chumba kinachopakana na chake, kila jioni husimama mlangoni pake na kupiga hodi. Ijumaa iliyopita alikuwa amekaa peke yake, akaniambia, "Deka, watu huingia kwa mama yao bila hodi." Nikasema nimezoea tu. Alinitazama kidogo, kisha akasogeza miguu yake kwenye mkeka, akaacha nafasi ya mtu mmoja, nami nikavua viatu nikaingia, nikakaa ukingoni.